Mwalimu wa Kasrini: Maisha ya Kurt Hahn, Mjerumani Aliyekataliwa Kwao

Huku kwetu Mwambao mtu akitajiwa ngome, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye ile ya Wareno iliyo kando ya Mji wa Kale, Mombasa. Ngome ile imekuwa ya askari, ikawa ya maliwali, kisha Waingereza wakaigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Si ajabu basi wazee wetu kulitamka neno ngome huku wamekunja uso. Leo nimeonelea niwasimulie wasomaji habari za mtu aliyeyatazama majengo ya namna hiyo kwa jicho jingine kabisa. Aliingia katika makasri ya wakubwa wa Ulaya akayajaza madawati, vitanda vya wanafunzi na mashua, na ndani yake akajaribu kulijibu swali ambalo watu wa Pwani tunalijua vyema: mtu huwa mwenyeji wa mahali kwa sababu gani?

Jina lake ni Kurt Hahn. Wengi wetu jina hatulijui, lakini kazi yake imetufikia. Kijana yeyote wa Kenya aliyepitia shule ya Outward Bound kule Loitokitok na kuukwea mlima Kilimanjaro, au aliyepata kuvishwa beji ya Tuzo ya Rais, amefuata njia iliyochorwa na mzee huyu.

Alizaliwa mjini Berlin tarehe 5 Juni 1886, katika jamaa ya Mayahudi wenye mali. Baba yake, Oskar Hahn, alikuwa na viwanda vya mabomba ya chuma. Watu wa jamaa hiyo walijiona Wajerumani halisi kama jirani zao wote. Lugha yao Kijerumani, biashara yao huko, mapenzi yao huko. Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa ndilo litakaloeleza mengi yatakayofuata. Hahn alisoma Berlin, kisha akaenda Uingereza kwenye Chuo Kikuu cha Oxford, na katikati ya hapo akasoma kwenye vyuo vikuu kadhaa vya kwao.

Ujanani alipigwa na jua vibaya sana. Sisi tuliozaliwa juani twaweza kucheka, lakini kwake halikuwa jambo la mchezo: ilimbidi akae muda mrefu katika chumba chenye giza, na mpaka mwisho wa uhai wake alikuwa haachani na kofia pana. Ni maradhi hayo yaliyompeleka kaskazini ya Scotland wakati wa kiangazi, mahali paitwapo Moray, ambako jua ni la kubahatisha na upepo wa bahari haukomi. Hakujua wakati ule kwamba siku moja pwani ile ya wavuvi ingekuwa kimbilio lake.

Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914 alitoka Uingereza akarejea kwao. Kwa kuwa alikijua Kiingereza sawasawa, alipewa kazi ya kuyasoma magazeti ya Waingereza na kuwaeleza wakubwa wa serikali ya Ujerumani fikira za adui. Kazi hiyo ilimkutanisha na Mwanamfalme Max wa Baden, naye akawa mshauri wake wa karibu. Mwezi wa Oktoba 1918, vita vikiwa tayari vimekwisha kuwashinda Wajerumani, Max alifanywa waziri mkuu. Alikaa wiki tano tu. Tarehe 9 Novemba alitangaza kwamba Kaizari ameacha kiti, kisha naye mwenyewe akaondoka, akarudi kwenye kasri lake la Salem, karibu na ziwa Constance, na Hahn akafuatana naye.

Salem ni neno la Kiebrania lenye maana ya amani, nalo na salamu yetu ni mashina ya mti mmoja. Watawa wa Kikristo walianza kuishi hapo katika karne ya 12, wakajenga nyumba kubwa mno, yenye nyua na kumbi ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mali yote hiyo ikachukuliwa na watawala wa Baden. Sasa mwenye kasri na mshauri wake walikaa humo wakitafakari kilichoiangusha nchi yao. Walikubaliana kwamba nchi haikukosa wasomi wala askari. Ilikosa raia, yaani watu wenye kusema kweli mbele ya mkubwa na wenye kumjali mtu asiyewahusu kwa nasaba. Basi mwezi wa Aprili 1920, wakisaidiana na mwalimu mzee Karl Reinhardt, wakafungua shule ndani ya upande mmoja wa kasri.

Shule hiyo ilipokea wavulana na wasichana pamoja. Walikuwamo watoto wa makabaila, na walikuwamo watoto wa watu wa kawaida wa vijiji vya jirani, kwa kuwa Hahn alishikilia kwamba hakuna kinachomharibu mtoto wa tajiri kama kukaa na watoto wa matajiri peke yao. Shule iliendeshwa kama dola ndogo. Wanafunzi walikuwa na vyeo vyao, kila cheo na dhima yake, na mkuu wao aliitwa Mlinzi. Huyu ataangalia mashua, yule bustani, mwengine wagonjwa. Asubuhi walikimbia, mchana walikuwa na saa za michezo na kazi za mikono, na darasa halikuwa ndilo jambo pekee la kupimiwa mtu.

Lakini lililonivutia mimi zaidi ni ile karatasi yao ya kila usiku. Kila mwanafunzi aliyekwisha kuaminiwa alipewa orodha ya mambo anayopaswa kuyatimiza kwa siku: amekimbia, ameoga maji baridi, amefanya kazi aliyopangiwa, hakula ovyo baina ya saa za chakula, na kadhalika. Kabla ya kulala alitia alama mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyeikagua. Akitaka kudanganya, atajidanganya yeye na karatasi yake. Waislamu tuna neno letu la kale kwa jambo hili, nalo ni muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Hahn hakulitoa kwetu, bila shaka, lakini mtu yeyote aliyekaa chini ya mwalimu wa chuo akaambiwa kwamba Mola anamwona hata mlango ukifungwa, atalielewa haraka kuliko Mzungu mwengine.

Max alifariki mwaka 1929, na mzigo wote ukabaki kwa Hahn. Mara mawingu yakaanza kukusanyika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, wafuasi wa Hitler waliingia nyumbani kwa kibarua mmoja mkomunisti wakampiga mpaka akafa, mama yake akishuhudia. Watu watano kati yao walihukumiwa kifo. Hitler, ambaye wakati huo alikuwa bado hajashika madaraka ila anayanyemelea, aliwapelekea wauaji hao simu ya maandishi ya kuwapa moyo na kutangaza kwamba yu pamoja nao. Wajerumani wengi wenye heshima zao walisoma habari hiyo gazetini, wakakunja gazeti, wakanywa kahawa yao.

Hahn hakunyamaza. Aliwaandikia barua wote waliopata kusoma Salem. Aliwaeleza kwamba aliye katika majeshi ya chama cha Hitler hana budi kuchagua moja: ama aachane na Hitler, ama aachane na Salem. Hakuna kushika mawili. Fikiria, msomaji. Huyu alikuwa Myahudi, mwalimu mkuu wa shule inayotegemea karo za wazazi ambao wengine wao walikuwa tayari wamemwelekea Hitler, akiishi katika nyumba si yake, na hakuna aliyemlazimisha kusema. Angeweza kujiambia kwamba siasa si kazi ya mwalimu. Lakini alikuwa amewafundisha watoto miaka 12 kwamba raia ni yule anayesema kweli inapokuwa na gharama. Sasa gharama imeletwa mlangoni pake.

Hitler alipewa uwaziri mkuu tarehe 30 Januari 1933. Mwezi wa Machi Hahn alikamatwa, akatiwa ndani. Marafiki zake wa Uingereza walipiga kelele, na waziri mkuu wa huko, Ramsay MacDonald, akaingilia kati. Baada ya siku chache aliachiwa, lakini alipigwa marufuku kukanyaga jimbo la Baden, maana yake asiione tena shule yake. Mwezi wa Julai mwaka huohuo akavuka bahari kwenda Uingereza. Alikuwa na miaka 47, hana kazi, hana nyumba, na moyo umevunjika kiasi kwamba jamaa zake walimhofia.

Mwaka 1935 serikali ya Hitler ilitunga sheria mjini Nuremberg, Mayahudi wakavuliwa uraia wa nchi waliyozaliwa wao na baba zao. Mwaka 1941 amri nyingine ikawafutia uraia wote waliokuwa ng'ambo. Mtu aliyekuwa amemshauri waziri mkuu wa nchi akawa si mtu wa nchi hiyo, kwa mstari mmoja wa kalamu.

Hapa naomba radhi nitoke njiani kidogo. Sina haja ya kulinganisha msiba ule mkubwa na taabu zetu, maana hazilingani. Lakini msomaji wa Pwani anajua maana ya karatasi. Mimi mwenyewe nimepata kusimama mbele ya meza katika ofisi moja, nikaulizwa babu yangu alizaliwa wapi na nani aliyeshuhudia, na aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, mwenye jina la namna nyingine, hakuulizwa. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 1016 wa subira yao, ningesema, lakini kwa kalenda ya serikali ulikuwa 2016, ili tu waitwe Wakenya. Wapemba waliozaa na kuzikana katika fuo zetu walisubiri mpaka 2023. Kwa hiyo ninapomsoma Hahn simsomi kama habari ya Ulaya tu.

Turudi Scotland. Marafiki walimsaidia akapata jumba la zamani katika lile jimbo la Moray alilolijua tangu ujana, jumba liitwalo Gordonstoun, nusu limechakaa. Mwaka 1934 akafungua shule kwa wanafunzi wachache wa kuhesabika. Mmoja wa waliofika mwaka huo alikuwa mvulana wa miaka 13 kutoka Salem, naye ni Philip, aliyezaliwa katika ukoo wa wafalme wa Ugiriki lakini hana kwao. Jamaa yake ilikuwa imefukuzwa Ugiriki mwaka 1922 yeye akiwa mtoto mchanga, na dada yake alikuwa ameolewa na mtoto wa marehemu Max. Mwalimu mkimbizi na mwanafunzi mkimbizi, hao ndio waliokutana kwenye baridi ile. Philip baadaye alimwoa Malkia Elizabeth, na ulimwengu ukamjua. Hahn alimjua akiwa mvulana anayekwangua kuta za mashua kwa msasa.

Maana Gordonstoun ilikuwa na jambo ambalo Salem haikuwa nalo, nalo ni bahari. Karibu na shule kulikuwa na bandari ndogo ya wavuvi, Hopeman. Wavulana walifundishwa ubaharia huko, na watu wa mji wakazoea kuwaona. Hahn hakutaka shule iwe kisiwa. Alijenga kibanda juu ya jabali, wanafunzi wakawa wanakesha zamu usiku wa dhoruba kuviangalia vyombo, wakishirikiana na walinzi wa pwani. Akaanzisha kikosi cha kuzima moto. Hivi havikuwa vitu vya maonyesho. Moto ukiwaka kijijini, kengele hulia, kijana huacha kitabu chake cha Kilatini akaenda.

Siri yake ilikuwa hapo, kwa fikira zangu. Mgeni huja mahali na vyeti vyake, na wenyeji humtazama. Hata akijua lugha yao vizuri, hata akiwa na pesa, bado ni mgeni. Lakini siku akishika ndoo pamoja nao kuzima nyumba ya mtu inayoungua, jambo hubadilika, na halibadiliki kwa sababu ya cheti. Watu wa Moray walikuwa na kila sababu ya kumshuku Mjerumani aliyekuja kwao miaka 16 tu baada ya vita. Wakaja kumkubali kwa njia ya watoto wake waliokesha jabalini.

Vyeti navyo vina kazi yake, tusijidanganye. Hahn alipata uraia wa Uingereza mwaka 1938. Vita vya pili vikaanza 1939, na mwaka 1940 Waingereza waliwakamata maelfu ya watu wenye uraia wa Ujerumani, pamoja na Mayahudi waliomkimbia huyohuyo Hitler, wakawaweka kambini katika Kisiwa cha Man na kwengineko. Mwenye karatasi alilala kitandani pake, asiye nayo alilala nyuma ya seng'enge. Shule yenyewe ilihamishwa kutoka pwani ya Scotland ikapelekwa Wales, kwa kuwa jeshi lilihitaji majengo.

Kule Wales ndiko kulikozaliwa jambo la pili kubwa la maisha yake, na wasomaji wenye wazee waliofanya kazi melini watalipenda. Kulikuwa na mwenye meli za Liverpool, Lawrence Holt, wa kampuni iliyojulikana kama Blue Funnel, ambayo meli zake zilikwenda mpaka Uchina. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha meli za biashara kwa topido katika Atlantiki. Holt aliona jambo la ajabu: mashuani baada ya meli kuzama, vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa na kufa, na mabaharia wazee, waliokuwa wamezoea matanga na dhoruba, wakiokoka. Aliamini kwamba kilichokosekana hakikuwa misuli. Hahn alikuwa akitafuta pesa na mahali pa kufanyia mafunzo mafupi ya vijana wa kila aina, si wa shule yake tu. Mwaka 1941 wakafungua shule ya ubaharia mjini Aberdovey. Jina la Outward Bound ni la mabaharia: chombo kilichong'oa nanga, kikaiacha bandari, kikaelekea baharini.

Kutoka Aberdovey jambo hilo lilisambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilifika kwetu, Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakapelekwa huko kulala porini, kupika wenyewe na kukwea mlima. Na ile beji aliyoianzisha Moray mwaka 1936, ya kumtuza kijana kwa mazoezi ya mwili, safari, ufundi na utumishi, Philip aliichukua akaifanya tuzo ya nchi nzima mwaka 1956. Ndiyo iliyofika Kenya mwaka 1966 kwa jina la Tuzo ya Rais.

Mwaka 1945 Hahn aliacha dini ya wazee wake akaingia Ukristo. Wapo waliosema ilikuwa njia ya kukubalika, na wapo waliosema moyo wake ulikuwa umeelekea huko tangu zamani. Sisi si wa kuyapasua matumbo ya watu. Nalitaja kwa kuwa lilitokea.

Mwaka 1953 alijiuzulu Gordonstoun kwa ugonjwa, akarudi kuishi Salem. Shule ya kasrini ilikuwa imefunguliwa tena baada ya vita, ikiongozwa na mwanamke aliyefanya kazi naye tangu siku za mwanzo, Marina Ewald. Kuna waliomshangaa. Nchi imekufunga, imekuvua uraia, imeua mamilioni ya watu wa asili yako, nawe unarudi kukaa katika ua uleule? Alirudi. Na wala hakurudi kupumzika.

Mwaka 1955 alialikwa kuzungumza Paris, kwenye chuo cha maofisa wa majeshi ya nchi za NATO. Huko alikuta maofisa ambao miaka kumi tu kabla yake walikuwa wakilipuana, sasa wanakula meza moja, wanafanya kazi moja, na uadui umewatoka bila ya hotuba. Alimwambia mkuu wa chuo hicho, Lawrance Darvall, kwamba kama watu wazima wenye damu mikononi wanaweza, basi vijana wa miaka 16 hadi 19 watashindwaje? Wakaanza kutafuta mahali.

Mahali palipatikana Wales ya kusini: ngome ya St Donat's, iliyosimama juu ya majabali tangu karne ya 12. Ukoo wa Stradling uliimiliki kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1925 ilinunuliwa na tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, ambaye alikuwa na pupa ya vitu vya kale. Alibomoa jengo la zamani la watawa mahali pengine huko Uingereza ili dari lake aje alipachike ukumbini pake. Aliitumia ngome hiyo kwa karamu na wachezaji wa sinema. Baada yake ngome ilitafuta mnunuzi, na hapa ndipo jina la Aden linapoingia. Aliyeinunua na kuitoa kwa ajili ya chuo ni Antonin Besse, mtoto wa yule Besse wa Aden, Mfaransa mfanya biashara ya ngozi, kahawa na mafuta ambaye jina lake lilijulikana katika bandari zote za Bahari ya Shamu. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakitia nanga Aden kwa kaskazi na kusi walilijua jina hilo kama tujuavyo sisi majina ya maduka ya Biashara Street.

Chuo, kilichoitwa Atlantic College, kilifungua milango Septemba 1962 kwa vijana 56 wa kiume. Mwaka uliotangulia Berlin, mji aliozaliwa Hahn, ulikuwa umekatwa kwa ukuta. Na mwezi mmoja tu baada ya chuo kufunguliwa dunia ilisimama roho juu kwa mzozo wa makombora ya Cuba. Vijana hawa walikuwa wakilala wanne wanne chumbani, kila mmoja na taifa lake. Kanuni ilikuwa kwamba mtu achaguliwe na kamati ya nchi yake kwa uwezo wake, si kwa mfuko wa baba. Wasichana waliingia mwaka 1967.

Na bahari ilikuwa chini ya dirisha. Mlango ule wa bahari ni mkali mno. Huku kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Kule hupita mita 10. Mkuu wa kwanza wa chuo, Desmond Hoare, alikuwa afisa mkubwa mstaafu wa manowari. Yeye na wanafunzi wake, katika karakana ya ngome, wakafanya majaribio miaka kadhaa mpaka wakapata mashua yenye mkuku mgumu na mbavu za mpira uliojazwa upepo. Haikuzama, haikupinduka ovyo, ikaruka juu ya mawimbi. Haki ya uvumbuzi huo Hoare aliipa jumuiya ya Uingereza ya kuokoa watu baharini kwa pauni moja tu, nao wakaiita mashua yao Atlantic 21 kwa heshima ya chuo. Leo mashua za namna hiyo ziko kote duniani. Hata hapa Kilindini utaziona, za polisi na za wanamaji, na sidhani wengi wanaozipanda wanajua kwamba ziliundwa na watoto wa shule.

Kuanzia 1963 hadi 2013 kituo cha uokoaji cha pwani ile kilikuwa ndani ya chuo, na mabaharia wake walikuwa wanafunzi. Mtu wa Wales aliyezidiwa na maji hakuuliza aliyemvuta kwenye mashua ni Mnorwe au Mnaijeria. Kwa maoni yangu hapo ndipo Hahn alipolijibu lile swali lake la miaka 40, na hakulijibu kwa kitabu. Ulikuwa mwenyeji wa pwani ile kwa kuwa saa nane ya usiku ulitoka kitandani kwa ajili yake.

Sitaki kumpaka mafuta kupita kiasi. Shule zake zimekuwa ghali, na nyingine zimekuwa kimbilio la watoto wa wakubwa, kinyume kabisa cha alivyohubiri. Maji baridi na kukimbia alfajiri havikumfaa kila mtoto. Mfalme Charles wa sasa, mtoto wa Philip, alipelekwa Gordonstoun mwaka 1962 na si siri kwamba hakuwa na raha. Mwanahistoria Golo Mann, aliyesoma Salem, aliandika mema ya mwalimu wake na akaandika pia mabaya. Hahn alipenda mno kuwa karibu na wenye vyeo, na alikuwa na haraka ya kuwapima watu kwa ushupavu, kana kwamba mpole na mwoga ni kitu kimoja. Isitoshe, neno utumishi linapotoka kinywani mwa mwenye kasri kumwendea mtoto wa kibarua, huwa lina uzito mwengine.

Hata hivyo, mbegu imeota mahali ambapo yeye hakufika. Shule ya Waterford Kamhlaba kule Swaziland, siku hizi Eswatini, ilifunguliwa 1963 ili watoto wa rangi zote wasome pamoja wakati nchi ya jirani ikiwatenga kwa sheria, na mwaka 1981 ikajiunga na vyuo hivyo. Mwaka 2019 shule ya Moshi na Arusha nayo ikajiunga. Starehe ya Nairobi iliingia katika umoja mwengine wa shule uliotokana na fikira zake.

Miaka yake ya mwisho Hahn aliishi karibu na Salem, akiandika barua kwa mawaziri na matajiri kuwaomba pesa za shule ambazo hazijajengwa, na kofia yake pana kichwani. Hakuoa, hakuacha mtoto. Alifariki tarehe 14 Desemba 1974, akiwa na umri wa miaka 88, na akazikwa hukohuko Salem, katika jimbo ambalo mwaka 1933 alikatazwa asilikanyage.